Bila Shaka ya Nani

Wiki hii mkataba wangu wa kazi umeongezwa na binti wa dada ameposwa, lakini kilichonikalisha kuandika ni maneno manne ya shangazi, aliyoyasema Jumamosi tulipokwenda Arles, mji wa kusini mwa Ufaransa, na ambayo tangu siku hiyo yananifuata hadi kazini.

Tulikuwa tumeketi juu kabisa katika uwanja wa Warumi, ule uliojengwa mnamo mwaka 90 baada ya Kristo, wenye ghorofa mbili za matao, kila moja matao 60, ambamo watu wapatao 20,000 waliweza kukaa wakitazama wenzao wakipigana. Nilimweleza kwamba dola ya Rumi ilipoanguka, wenyeji walihamia humo kwa kuwa kuta zake zilifaa kuwa ngome. Wakaongeza minara, ambayo mitatu ingali imesimama, wakajenga nyumba zaidi ya 200 na makanisa madogo mawili, wakaishi humo karne baada ya karne, hadi miaka ya 1820 ilipoamuliwa kwamba mahali hapo ni kumbukumbu ya kale na nyumba zikaanza kutwaliwa na kubomolewa. Mwaka 1830 uwanja ulikuwa mtupu, na mafahali wakaingizwa kusherehekea Ufaransa kuuteka mji wa Algiers.

"Na wenye nyumba walikwenda wapi?"

"Walihamishwa, shangazi."

"Hilo nimelisikia. Wapi?"

"Humu humu mjini, bila shaka."

"Bila shaka ya nani, mwanangu?"

Hakupandisha sauti wala hakunitazama. Habari ya nyumba yake ya Tanga, na ile alama nyekundu ya X ukutani, ya nyumba za kubomolewa, sitairudia hapa. Nadhani swali lile alikuja nalo kutoka nyumbani, akiwa amekwisha kuliuliza mbele ya meza kadhaa, na Jumamosi ilitokea tu kwamba aliyekaa upande wa pili wa meza ni mimi. Kila nikilala nalijibu upya, na kila jibu linatoka na sauti ya karani anayesema fidia inashughulikiwa.

Hata hivyo, muda si mrefu baadaye alicheka mpaka akashika ukuta. Katika ukumbi wa kale wa maigizo, ulio wa enzi za Kaisari Augusto, ambao mawe yake mengi yalichukuliwa kujengea majengo ya baadaye, zimebaki nguzo mbili ndefu zilizosimama peke yake, na wenyeji huziita wajane wawili. "Basi leo tumekuwa watatu," alisema shangazi, akajipanga usawa wa katikati yao, mkono kiunoni, na kuniamuru nipige picha nyingine kwa sababu katika ya kwanza alikuwa amefumba macho. Kwenye lango la kanisa la Mtakatifu Trophime, lililochongwa karne ya 12, aliwakagua wakosaji waliofungwa mnyororo wakielekea motoni, mmoja mmoja, kama anayemtafuta jirani, kisha akasema kuwa angalau hawa wanajua wanakopelekwa. Nilicheka naye, ingawa sikuwa na hakika kama ule ulikuwa mzaha.

Jana usiku nimeona kwamba vidonge vyake vya presha havitafika siku ya safari; duka la dawa linataka cheti cha daktari wa hapa, na daktari wetu yuko likizoni.