Chungwa la dada na lile swali la dunia

Jana usiku binti wa dada kanitumia picha tano WhatsApp, zote za vitabu vya hesabu kavipanga kitandani kwa rafiki yake, na sauti ya sekunde kama nane hivi: "Mamdogo nina elfu ishirini, ninunue kipi hapo, au niache tu nisome YouTube?" Yuko fomu foo, pepa Novemba. Nimeisikiliza mara tatu. Swali lenyewe wala halikunishtua, kilichonishtua ni hiyo elfu ishirini. Maana 2015 nilisimama Posta kwenye meza ya vitabu vya mtumba na elfu ishirini hiyohiyo, tena ya kuazima, najiuliza hilohilo, ila mi sikuwa na wa kumtumia picha.

Nilikuwa narudia. Mtahiniwa wa kujitegemea, namba yako inaanza na P wenzio wa shuleni inaanza na S, na mimi nilibakiza hesabu tu, chuo wanataka angalau D. D inaanzia alama 30. Watu wakisikia 30 wanaona kidogo, ila kama umeshawahi kuiona F mbele ya jina la somo unajua 30 iko wapi.

Pale mezani kulikuwa na vitabu vya kiada fomu wani mpaka foo, yaani vinne, hela haifiki. Kulikuwa na pasti pepa za NECTA, yaani mitihani iliyopita ya Baraza la Mitihani, za miaka mingi, kopi zimebanwa kwa spairo, maswali matupu bila majibu. Na kulikuwa na pamfleti, pepa hizohizo ila zimesolviwa zote hatua kwa hatua. Nilichukua pamfleti na sidhani kama nilifikiria hata dakika mbili. Unasoma peke yako, mwalimu huna, tuisheni huna hela yake, ukikwama saa tano usiku utamgongea nani mlango? Nikaona nimenunua mwalimu.

Miezi miwili niliisoma kama mtu anavyosoma hadithi. Naangalia swali, naangalia jibu, naona eeh kweli, nafungua ukurasa mwingine. Matriki nimeelewa, vekta nimeelewa, mfuatano nimeelewa, hata ule mchoro wa kutafuta faida kubwa zaidi nilikuwa nauangalia naona mbona rahisi. Aliyenistua ni dada. Alikuwa anamenya machungwa yake ya kesho akaniuliza, "We mbona sikusikii ukiandika? Hesabu si inaandikwa?"

Dada kaishia la saba. Alikuwa anauza machungwa, anachukulia sokoni Buguruni, anamenya, anapanga kwenye sinia anazunguka nayo. Akaichukua ile pamfleti akaisokomeza chini ya godoro lake, akasema nakushikia. Nikaenda steshenari nikatoa kopi za maswali tu, pepa nne, ndo hela iliyokuwepo. Jumapili ikawa pepa. Enzi hizo sekisheni A ilikuwa maswali kumi yote lazima, alama sita sita, sekisheni B ulikuwa unachagua manne kati ya sita, alama kumi kumi, muda masaa matatu kamili, kalkuleta ilikuwa hairuhusiwi, mezani una fofiga yako, kile kitabu cha majedwali ya kutafutia logi na saini na kosaini, basi. Dada ndo msimamizi, simu yake ndo saa. Ukisema ngoja nimalizie hii anakunyang'anya karatasi.

Kusahihisha pia alikuwa anasahihisha yeye. Hajui kilichoandikwa ila analinganisha, mstari wa mwisho wa kitabu na mstari wa mwisho wangu. Zikifanana tiki, zisipofanana mkasi. Mi nabembeleza, dada hapo njia nimepatia nimekosea kujumlisha tu, anasema ya kitabu 36 ya kwako 63. Ya kwanza nilipata 22. Nililia chooni, nikarudi nikala.

Sasa hii Jumapili ninayotaka kuisema ilikuwa Agosti, machungwa ya Muheza yamejaa mjini, chumba kizima kinanuka ganda. Kulikuwa na swali la dunia. Miji miwili yote iko latitudo nyuzi 60 kaskazini, mmoja longitudo 20 mashariki mwingine 56 mashariki, tafuta umbali kwa kufuata hiyo latitudo, nusu kipenyo cha dunia kilomita 6400, pai 3.14. Nikapata kilomita 2009.6. Dada akatia mkasi. Kitabu kinasema 4019.2.

Kwa kawaida ningekubali. Kitabu ni kitabu. Nikaichukua karatasi nikarudia, tofauti ya longitudo 36, gawa kwa 360, zidisha mara mbili pai mara 6400, ndo unapata hiyo 4019.2, halafu unazidisha kwa kosaini ya 60 ambayo ni nusu. Nikaangalia pamfleti, kosaini haipo. Wameishia njiani. Nikamwambia dada kitabu kimekosea. Akaniangalia. Akasema, "Kitabu kimekosea, we ndo umepatia?" Wala hakuwa ananidharau, alikuwa anauliza kweli, maana mwezi mzima tumekiamini sote.

Nikatafuta namna ya kumweleza nikakosa, nikachukua chungwa kwenye ndoo ambalo hajamenya. Nikamwambia hii ndo dunia, hapa kwenye kikonyo ndo juu kabisa, hapa tumboni ndo katikati, hiyo miji iko huku juu karibu na kikonyo, wao wamepima kama iko tumboni. Akanyamaza. Kisha akalichukua chungwa mkononi mwangu, akashika kisu, akaanza kumenya vile anavyomenya siku zote, kwa kuzungusha, ganda linashuka utepe mmoja haukatiki. Alipomaliza mzunguko wa kwanza kule juu akaukata akauweka kwenye mkeka. Akafika katikati, akakata mzunguko mwingine mzima, akaunyoosha kando ya ule wa kwanza. Ule wa juu ulikuwa mfupi, kama nusu hivi.

"Si ndo hivi," akasema. "Juu kisu kinazunguka mara moja kimemaliza, huku tumboni ndo kunachosha mkono." Akachukua kalamu akaufuta ule mkasi akaweka tiki, na kwenye pamfleti, kwa mwandiko wake ule mkubwa, akaandika X. Chungwa tukala nusu nusu.

Novemba nikafanya, Februari matokeo yakatoka, nikapata C.

Toka siku ile nimejaribu kujua ni nini kilinisaidia na sijapata jibu la kumpa mtu. Ingekuwa nimenunua zile pasti pepa tupu labda ningekata tamaa wiki ya kwanza. Ingekuwa pamfleti haina kosa labda nisingejua kama najua. Na mtoto wa sasa ana vitabu vya Taasisi ya Elimu kwenye simu bure, ana video, ana magrupu, kosa kama lile si ajabu analiona kila siku na hana muda wa kubishana nalo.

Nikamjibu nunua pasti pepa zisizo na majibu, kisha tafuta yenye majibu umpe mama yako aishike, awe anakusahihishia yeye.

Akajibu hapohapo: "Mama hajui hesabu mamdogo."

Nimerekodi sauti mara mbili nimefuta. Leo jioni nitapita kwao, na nitapitia Buguruni kwanza.