Jinsi nilivyofuatilia jina letu la Edwards hadi njia ilipokatika

Sisi ni kina Edwards, na hatuna babu Mzungu. Nalisema mapema kwa sababu kila nilipoanza kuuliza habari za jina hili, mtu alinitafutia babu wa Kiingereza. Shangazi yangu alivuka mipaka: alimwagiza binamu yetu aliyeko London atutafutie "watu wetu". London kina Edwards ni wengi ajabu, na hakuna hata mmoja anayetuhusu. Upande wa pili wa familia walikuwa na hadithi yao, kwamba asili yetu ni Wahindi, kwa kuwa babu mkubwa alisikika akizungumza Kihindi. Hadithi zote mbili zimetoka mahali pa kweli, ila zimepinda njiani.

Kwetu ni Frere Town, Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, pale matatu zinaposimama Kengeleni. Kengele yenyewe ipo kwenye mnara wake kando ya barabara. Iliwekwa ili kuwaonya watu endapo wenye watumwa wangekuja kuvamia. Makazi hayo yalianzishwa mwaka 1875 na CMS (Church Missionary Society), misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Miaka miwili kabla yake Sultani Barghash alikuwa ametia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja, baada ya Sir Bartle Frere kutumwa kutoka Uingereza kumshinikiza. Ndiye aliyepewa heshima ya jina la mji. Watu wa pwani walituita Wamisheni, na hawakuwa wakitusifu.

Hayo niliyajua tangu utotoni. Kilichonisukuma kuchimba zaidi ni karani mmoja aliyeniuliza kabila nilipokuwa nikijaza fomu. Nikamjibu, "Mmisheni." Akaweka kalamu chini. "Hilo si kabila, ndugu yangu. Baba yako wapi? Na baba yake?" Nilitaja majina matatu, yote ya Biblia na Kiingereza, na hapo tukakwama wote wawili.

Nilianza na bibi, mama yake baba, ambaye naye amezaliwa katika ukoo huu huu wa Wamisheni na baba yake mzazi ni Edwards pia. (Nitalirudia hili la Edwards kuoana na Edwards, maana lilizua maneno.) Nilipomuuliza moja kwa moja babu yake alikuwa nani na alitoka wapi, alinijibu kwa adabu ya wazee wa kwetu: "Tulishushwa na manowari." Basi. Neno mtumwa halikutoka kinywani mwake, na sikulitia mimi. Nikaona maswali ya nasaba yanamfunga mdomo, nikageuza. Nikamuuliza babu huyo alifanya kazi gani. Alikula nini. Akikasirika aliongea lugha gani. Hapo bibi akafunguka. Hakumwona kwa macho yake, lakini baba yake alimsimulia mengi: alikuwa seremala, hakupenda kupanda chombo, na alikuwa na wenzake wachache wa rika lake waliokaa barazani jioni wakisema Kihindi ili watoto wasielewe. "Na maji alikuwa akiyaita mesi," bibi akasema akicheka. "Baba na ndugu zake walikuwa wakimwigiza."

Useremala, Kihindi na mesi, hivyo vitatu vilinisaidia kuliko kitu kingine chochote nilichopata baadaye kwenye karatasi.

Kihindi na useremala vinaelekeza Nasik, India. Kabla ya Frere Town, watoto waliookolewa na manowari za Kiingereza katika Bahari ya Hindi walipelekwa kwingi: Aden, Shelisheli, Bombay. Waliofika Bombay, baadhi yao walitiwa katika kituo cha CMS karibu na Nasik, wakafundishwa kusoma, Ukristo, na kazi za mikono kama useremala na uhunzi. Msimamizi wake wa zamani, William Salter Price, ndiye aliyekuja kuanzisha Frere Town, na akawategemea hao hao waliokulia India. Wengine walikuwa wametangulia Rabai, bara ya Mombasa, tangu miaka ya 1860 kumsaidia mmisionari Johannes Rebmann; miongoni mwao ni William Jones na Ishmael Semler, ambao Askofu Hannington aliwapa ushemasi mwaka 1885. Wenyeji waliwaita Wabombei. Majina yao yanaeleza yote: Jones, Semler, George David, Jacob Wainwright, Matthew Wellington. Huyo Wellington alizaliwa Myao akiitwa Chengwimbe, akawa mmoja wa waliosafirisha mwili wa Livingstone hadi pwani, na akafia Mombasa mwaka 1935.

Kumbe ndani ya Frere Town kulikuwa na mawimbi mawili. Wabombei walifika na majina ya Kizungu waliyobatizwa nayo India. Walioshushwa moja kwa moja na manowari kuanzia 1875 wengi walibaki na majina ya kwao hata baada ya kubatizwa. Ndiyo maana James Mbotela, mwana wa Frere Town aliyeandika Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, ana jina la Kiafrika, na mimi wa mtaa huo huo ni Edwards.

Mzungu Edwards alitoka wapi, basi? Misheni za wakati ule zilikuwa na desturi ya kumpa mtoto jina la mmisionari, au la mfadhili wa Uingereza aliyechangia matunzo yake. Mtu huyo pengine hakuwahi kuiona Afrika wala India. Kumfuata ni kupoteza nauli, na nilimwambia shangazi hivyo hivyo.

Kwenye madaftari ya kanisa nilienda nikitegemea safu ya wazazi, lakini kwa waliookolewa safu hiyo haina kitu. Daftari la ubatizo linanyamaza pale unapolihitaji. La ndoa ndilo lenye maneno: kazi ya bwana harusi, mtaa, na mashahidi. Nikaanza kuandika mashahidi kuliko maharusi, kwa sababu mtu asiye na ndugu wa damu husimamiwa na waliopanda naye chombo kimoja au waliolala naye bweni moja. Majina yale yale yakawa yanajirudia ndoa baada ya ndoa. Karibu na jina la babu mkubwa, yaani huyo babu yake bibi, kwa mwandiko mwembamba wa wino uliofifia, kuna neno "Yao". Na mesi ndiyo maji kwa Kiyao; Wanyanja wangesema madzi. Bibi na daftari hawakuwahi kukutana, wakasema kitu kimoja.

Ushauri kwa anayetaka kufanya kazi hii: usitafute tahajia moja. Sisi tumeandikwa Edwards, Edward, Edwad na Edwadi, mara nyingine ndugu wawili tumbo moja kwa namna mbili. Soma jina kwa sauti kama karani alivyolisikia.

Sasa hilo la ndoa. Kuna kina Edwards wa Frere Town na kina Edwards wa Rabai. Wazee walipiga marufuku vijana wa pande hizi kuoana, wakisema ni damu moja, na babu yangu na bibi yangu walipokaidi ilibidi kasisi aingilie kati. Nilipopanga mashahidi wote mezani niliona pande hizi mbili hazijasimamiana hata mara moja, wala kazi wala asili hazifanani. Edwards wa Rabai ameandikwa "Makua". Wavulana wawili walipewa jina moja, yaani udugu wao haukuvuka karatasi. Nilipomsomea bibi alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Na tulivyosemwa, mjukuu wangu."

Kutoka hapo jina halikuwa gumu kufuata, kwa kuwa Wamisheni walikuwa na kusoma na kuandika wakati wengi hawajapata. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilihitaji makarani, mafundi na watu wa telegrafu, nao wakaajiriwa. Kina Edwards wakapanda nayo: Voi, Nairobi, na hatimaye Kisumu, ambako reli ilifika 1901. Wengine walitangulia Taita kama walimu wa misheni. Mafaili ya serikali ya kikoloni niliyasoma Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi. Barua za CMS zenyewe ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, na magazeti yake ya karne ya 19 mengi yanasomeka kwenye intaneti.

Kwa upande wa bahari njia imekatika kweli. Taarifa za Kiingereza za majahazi yaliyokamatwa zinahesabu wanaume, wanawake na watoto, bila majina. Siwezi kusema babu mkubwa alipanda jahazi lipi, wala kijiji chake Uyaoni, wala jina alilopewa na mama yake.

Karatasi niliyowagawia kwenye mkutano wa ukoo kwa hiyo inaanza na mvulana Myao, seremala wa Nasik, na juu yake nimeacha nafasi tupu. Baba mdogo hakupendezwa. "Juu hapo weka chifu," aliniambia mbele ya watu. "Kila ukoo una chifu." Nikamwambia aniletee shahidi. Bado anatafuta, na shangazi ameahidi kumsaidia.