Kiwanja cha Pugu ambacho sikukinunua

Kwetu Magomeni, hapa Dar, ukishuka kidogo tu unaliona bonde la Jangwani, kwa hiyo mafuriko mi sisomi kwenye magazeti. Ikinyesha mvua ya maana barabara inafungwa, mabasi ya mwendokasi hayapiti, watu wanaanza zile hadithi zao kwamba wa bondeni hawasikii, mitaro imejaa takataka na nini na nini. Sawa, takataka zipo. Ila ni wachache wanaouliza yale maji yametoka wapi.

Yametoka Pugu. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vile vilima vya Pugu na Kisarawe, unashuka unapita Vingunguti, Tabata, Kigogo, mpaka Jangwani af ndo unaingia baharini pale daraja la Salenda. Najua ukimwambia Mchaga kwamba Pugu ni milima atakucheka mpaka achoke, na kweli hata mita 400 haifiki, lakini kwa Dar yetu hii tambarare ndo milima tuliyo nayo, tena kule juu kuna msitu ambao ni mali ya umma tangu enzi za mkoloni, sasa hivi unaitwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi na unasimamiwa na TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu. Msitu ukiwepo mvua inadondokea kwenye majani, inazama ardhini taratibu, mto unapata maji kidogo kidogo. Msitu ukiondoka maji yanakuja yote kwa pamoja, na mchanga juu.

Haya yote mi nilikuwa siyajui siku dalali aliponipeleka kuona kiwanja.

Tulipanda boda pale Gongo la Mboto, tukaipita Kajiungeni, tukaacha lami, tukaingia njia ya vumbi mpaka nikaanza kujiuliza kama narudi salama. Kiwanja kizuri jamani, kimeinuka, upepo, na bei ilikuwa ya kutupa. Dalali anasema "braza hapa karatasi ya serikali ya mtaa unapata leo leo, hati utafuatilia mwenyewe taratibu". Mi nshaanza kupanga choo kitakaa wapi. Nikasogea pembeni kujisaidia, nikajikwaa. Kuangalia chini, bikoni ya zege, lile jiwe la mpaka, imefukiwa nusu, juu yake wamerundika majani makavu. Sasa majani makavu hayajirundiki yenyewe juu ya bikoni. Na upande tuliouacha nyuma yetu ndo ulikuwa wa kijiji, sisi tumesimama upande wa msitu.

Nikamwita dalali, nikamuuliza hii nini. Akasema ya zamani hiyo braza, mipaka ilishabadilishwa. Nikamuuliza ilibadilishwa lini, akapokea simu ambayo sikusikia ikiita.

Tukiwa tunarudi tukakutana na mzee anasukuma baiskeli, gunia mbili za mkaa, lumbesa kabisa, zimefungwa kamba juu kwa matawi ambayo bado mabichi. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu. Nikamuuliza mkaa unaenda wapi, akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi, akasema "si kwenu huko mjini". Hakusema kwa hasira wala nini, akaendelea kusukuma. Mi hilo ndo lililonikaa kichwani kuliko hata bikoni, maana sisi hodari sana wa kusema wanakijiji wanamaliza misitu, kumbe yule mzee hapiki kwa zile gunia mbili, tunapika sisi.

Mle msituni kuna komba anaitwa komba wa Rondo, mnyama hafikii hata gramu 100, duniani kote yuko Tanzania tu, tena kwenye vipande vichache vya misitu ya pwani hii. Mwingine atasema komba anasaidia nini. Haya basi achana na komba, ongelea Desemba 2011, watu wapatao 40 walikufa kwa mafuriko hapa Dar na wengine wakahamishiwa Mabwepande. Sisemi ni sababu ya Pugu peke yake, mji umejaa zege na watu wamejenga mpaka mtoni, ila huwezi kukata kichwani af ukashangaa miguuni.

Serikali inasema ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Mi nyumbani nilishanunua mtungi wa gesi, mama anautumia kuchemshia chai. Maharage anasema ya gesi hayana ladha, na hapo sina la kumwambia kwa sababu ni kweli. Jumamosi nimekuta gunia jipya limeegemezwa nyuma ya jiko. Nikamuuliza mama hili la wapi, akasema la Kisarawe baba, zuri, halina vumbi, hebu liingize ndani mvua hiyo inakuja.

Nikaliingiza.