Boneti imejaa madoa ya kokoto, fundi anataka apige rangi nzima. Mimi nimefanya hivi

Wale mlioniambia haiwezekani kuziba madoa ya kokoto bila kupiga rangi boneti nzima, gari ipo nje hapa njooni muikague. IST yangu ni silva, na yale malori ya barabara ya Morogoro yameirushia kokoto mpaka boneti ikawa kama imeugua tetekuwanga. Fundi wa kwanza hata hakuinama aangalie, "bosi hii tunapiga nzima", bei yenyewe inacheza kwenye laki mbili tatu. Mwingine eti nipake rangi ya kucha halafu nisugulie dawa ya meno. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Ishu iko hivi. Silva ya metaliki yenyewe ikikauka inafubaa tu, mng'ao wote unatoka kwenye klia, lile tabaka angavu linalokaa juu yake. Mtu anadonoa rangi kwenye doa, anaona doa limefifia, anaanza kumtukana muuzaji kwamba kampa rangi siyo. Rangi ndiyo yenyewe, klia iko wapi? Namba ya rangi isome kwenye kibati cha gari, pale palipoandikwa C/TR, yangu ni 1F7, nikachanganyiwa kidogo kwa elfu kumi na kitu.

Nikadonoa kwa kijiti cha meno, tabaka jembamba jembamba, rangi ibaki chini kidogo ya usawa. Klia sasa ndo ikanitoa jasho, maana dogo wa dukani alinipa thina, ile ya kuchanganyia klia iwe nyepesi, ya bei chee akaniapia ni kali, na mvua ilikuwa imetoka kunyesha, ule unyevu wa Dar mnaujua, aisee klia yote ikapata ukungu mweupe mbele ya macho yangu. Nikaifuta, nikabadilisha thina, nikasubiri siku ya jua kavu. Safari hii nikaiacha ivimbe kidogo juu ya usawa, ikakaa kama wiki hivi ikaze.

Kusawazisha ndo raha yenyewe. Ukisugua kwa kidole umekwisha, kidole ni laini, kinakula rangi ya pembeni, na rangi yote ya kiwandani kuanzia bati mpaka klia haifiki hata milimita 0.2! Nilichukua mashine ya kutobolea karatasi za ofisini, nikatoboa msasa wa maji namba 2000, kile kiduara nikakigundisha kwenye ufutio wa penseli. Maji ya sabuni, unazungusha taratibu pale pale kwenye kivimbe, unafuta, unaangalia. Kikilala sawa unahamia 2500, halafu kompaundi, ile dawa ya kung'arishia rangi, na kitambaa laini mpaka uone taa ya dari imejichora bila kukatika.

Doa lililofika kwenye bati likaota kutu usilifunike hivihivi, kwangua kutu yote upige praima, ile rangi ya chini ya kushikia, kwanza. Na waksi acha mwezi upite.

Jumla sidhani nilifika elfu hamsini. Kuna moja kubwa karibu na taa ya kulia, ukichuchumaa jua likiwa upande bado unaliona, sikatai, ila we unachuchumaa mbele ya gari langu unatafuta nini?