Tabaga la Bibi Lilivyoshuka Ukutani

Nilipohamia Kawempe, jijini Kampala, nyumba yangu ilikuwa vyumba viwili vyenye kuta zilizoliwa na unyevu. Nilitaka sana mtu akiingia aone kwamba hapa wanaishi watu. Nikaenda soko la Owino, nikarudi na maua ya plastiki, pazia la kung'aa na picha kubwa ya maporomoko ya maji ya nchi nisiyoijua. Wageni walikuja, wakanywa chai, wakaaga. Hakuna jicho lililotua popote.

Ndani ya sanduku nilikuwa na tabaga la bibi. Mimi ni Mnubi wa Bombo, mji ulio kaskazini mwa Kampala, na kwetu tabaga ni sinia la kufuma. Nyuzi za rafia zilizotiwa rangi huzungushwa juu ya fungu jembamba la nyasi, duara baada ya duara, kuanzia katikati. Nakshi inatokana na hesabu: ukikosea mishono miwili mitatu mwanzoni, kosa linapanuka pamoja na sinia. Bibi hakuwa akificha kosa, alikuwa akifumua. Hili lake lina nyekundu, nyeusi na rangi ya machungwa, na ukingoni ameweka pembe ndogo ndogo kama meno ya mtoto.

Kwa kuogopa lisiharibike, nililitundika ukutani. "Zuri," walisema watu, kisha wakaendelea na habari zao. Mgeni mmoja aliniuliza kama nimelinunua kwenye vibanda vya watalii nyuma ya National Theatre. Swali lile liliniuma kuliko nilivyotarajia.

Siku ya Idd wageni walizidi vyombo. Nikalishusha tabaga, nikalipangusa vumbi, nikatandika kitambaa cheupe, juu yake nikapanga kisra, mkate wetu mwembamba, niliyoipika alfajiri. Nilipoliweka katikati ya mkeka, mazungumzo yalikatika. Jirani yangu, Nnalongo, kabla hajagusa chakula alipitisha kidole ukingoni, pembe moja hadi nyingine. Mzee mmoja aliligeuza upande atazame linavyoanza. Kila mtu akawa na la kusema: nani alifuma, ilichukua siku ngapi, mama yake naye alikuwa na nini. Tabaga lilikuwa lile lile lililokaa ukutani miezi minane. Kilichobadilika ni kwamba sasa lilikuwa karibu na mikono yao, na lilikuwa linafanya kazi aliyolifumia bibi.

Basi nikaipanga nyumba upya kwa kufuata hilo. Picha ya maporomoko nikampa fundi aliyeipenda. Kuta nikazikwangua na kuzipaka chokaa, maana rangi za rafia zinataka nyuma pawe peupe. Tabaga likahamia kwenye meza ndogo karibu na dirisha, linapopata mwanga wa asubuhi lakini si jua kali, kwa sababu jua hufifisha rangi. Silioshi kwa kulizamisha. Nalifuta kwa kitambaa chenye unyevu na kulianika kivulini. Chakula chenye mafuta hakikai juu yake bila kitambaa.

Hapo nikapata ujasiri wa kuongeza, na nikakosea. Nilinunua kipande cha lubugo, kile kitambaa cha gome la mti wa mutuba ambacho ufundi wake UNESCO iliutambua mwaka 2005. Gome huvuliwa mtini na kugongwa kwa nyundo za mbao mpaka lilainike, likapata rangi ya udongo uliolowa. Nilililaza juu ya meza ya chakula. Nnalongo alipoingia, tabasamu lake likakatika. Akaniambia taratibu, kwa Kiganda, kwamba baba yake alizikwa amefungwa ndani ya lubugo, na hawezi kula juu yake. Wapo Waganda wengi ambao lubugo mezani lisingewashtua, na mafundi wa siku hizi wanalishonea mikoba na vivuli vya taa. Lakini jirani yangu ni huyu, na meza hii ndiyo anayokaribishwa. Nililikunja palepale. Yeye mwenyewe ndiye aliyenichagulia mahali: ukuta wa sebuleni, mbali na chakula, juu kidogo. Kila akija hulitazama kwanza, kisha ndiyo anaketi.

Wiki iliyofuata alikuja na mkeka wa ensansa, yaani makuti ya mkindu, umekunjwa, una harufu ya chini ya kitanda. Mama yake aliusuka kabla yeye hajaolewa. Alikuwa akiutunza kwa ajili ya wageni wakubwa, na wageni hao hawakuwa wamefika. Tuliutandika kwake, barazani, tukaukalia sisi wawili na watoto wake mapacha.

Binti yangu, mwenye miaka tisa, akataka kufuma. Shangazi yangu wa Bombo alimtumia fungu la rafia na sindano nene. Duara lake la kwanza limetoka dogo kama kifuniko cha sufuria ya uji, upande mmoja umejikunja, na nyekundu imekosa hesabu. Nilimwuliza kama anataka kufumua. Alikuwa bado anafikiri Nnalongo alipofika, akalichukua, akaliweka chini ya kikombe chake cha chai ya moto, akauliza kama lipo la pili.