Kona ya Kusi

Goli lenyewe nilifungwa mimi, kipa, dakika za lala salama, uwanja wa Mbaraki, Mombasa, mwezi wa sita, kusi imeshika na nyasi bado zina maji ya mvua ya asubuhi. Kona ilitoka kulia, mpigaji wa mguu wa kushoto, upepo mgongoni mwake. Alipougusa mpira tu, nikatoka hatua mbili kuelekea nguzo ya karibu. Mpira haukushuka. Upepo uliubeba ukanipita juu ya vidole, na nilipoanza kurudi kinyumenyume kwa visigino, mshambuliaji wao alikuwa peke yake nguzo ya mbali. Akaupiga kichwa, wavuni. Nililala na uchungu ule.

Kesho yake alfajiri kocha wa makipa alinikuta langoni. Hakunigombeza. Alinishika bega akanigeuza nitazame pembeni.

"Mwanangu, ile bendera ya kona uliitazama jana?"

"Hapana, kocha."

"Basi hukujua upepo uko wapi."

Lango lina upana wa mita 7.32, na mimi nilikuwa nimesimama karibu na nguzo ya kwanza kana kwamba nusu ya pili hainihusu. Akachora alama kwa kisigino: mita moja mbele ya mstari, kupita katikati kidogo upande wa nguzo ya mbali. Mwili uwe nusu wazi, bega moja kwa mpigaji, jingine uwanjani, ili nione mpira na watu kwa pamoja. Kutoka hapo kwenda mbele ni kazi nyepesi. Kurudi nyuma ndiko kunakoua makipa. Na ukilazimika kurudi, usirudi kwa visigino: geuza nyonga, vusha mguu juu ya mguu, ukimbie huku macho yako juu.

Kisha akaanza kupiga kona, na kila nilipotoka mapema alisimamisha zoezi. Nisubiri mpira uachie mguu, nisome unakoangukia, ndipo niende, na nikienda nisisite. Nipige kelele "Wangu!" kabla ya kuruka, mabeki wanipishe. Niruke kwa mguu mmoja, goti la upande wa mshambuliaji likiwa juu kunikinga, nidake mbele ya paji la uso mikono ikiwa imenyooka, si juu ya utosi. Kukiwa na msongamano au mpira umelowa, ngumi mbili pamoja, chini kidogo ya kitovu cha mpira, uende juu na pembeni, kamwe usiende katikati ya boksi.

Alimtaja Mahmoud Abbas, kipa wa zamani wa timu ya taifa ya Kenya, mtoto wa Mombasa aliyeitwa Kenya One, kama makocha wengi wa hapa wanavyofanya. Kwa haki, naona: kipa wa Pwani anakua na kipimo hicho kichwani.

Jambo moja sikulitegemea. Alizichukua glavu zangu akazibonyeza viganja. Zilikuwa ngumu kama gome. Nilikuwa nazianika juani juu ya bati. Jua letu hukausha raba ya kiganja cha glavu mpaka inapasuka, na kiganja kikavu huteleza. Tangu siku hiyo nazisuuza tope kwa maji ya kawaida, nazining'iniza kivulini, na kabla ya mechi nazilowesha kidogo.

Jumamosi iliyofuata, kona ya kwanza, bendera ilikuwa imelala kuelekea langoni. Nikarudi nusu hatua.