Shampeni ya zabibu nyeusi na migebuka ya Kigoma

Jamani huku kwetu Kigoma shampeni ni ya harusini, MC anahesabu moja mbili tatu, kizibo kinaruka, vigelegele, halafu inanywewa na keki. Na mara nyingi hata siyo shampeni yenyewe, ni wain tamu ya mapovu tu. Shampeni brut, yaani ile kavu isiyo tamu, sukari yake haifiki gramu 12 kwa lita, sasa ukiinywa juu ya keki lazima uione chachu. Iweke na samaki uone.

Ninayoipenda mimi ni ile iliyoandikwa Blanc de Noirs, ya zabibu nyeusi tupu, Pinot Noir au Meunier au zote mbili. Kwenye glasi lakini ni nyeupe inayoelekea dhahabu, na watu hapo wanabisha sana. Chukua zabibu nyeusi uibonyeze, maji yake hayana rangi, rangi iko kwenye ganda. Ndo maana kule Champagne, Ufaransa, inakotoka shampeni, wanavuna kwa mkono, vishada vinafika vizima, vinakamuliwa taratibu, kilo 4,000 zinatoa lita 2,550 basi, ya ziada hairuhusiwi kuwa shampeni.

Kule Reims na Épernay, miji ya hukohuko Champagne, ni baridi, wastani wa mwaka ni kama nyuzi 11, zabibu inaiva polepole na ule uchachu unabaki, tofauti na Dodoma yetu ambako jua linapandisha sukari haraka. Meunier inachelewa kuchipua kwahiyo barafu ya mwanzo wa msimu mara nyingi inaikosa. Wain ikishakuwa tayari wanaitia kwenye chupa na sukari kidogo na hamira, inachachuka tena humohumo, gesi haina pa kutokea, presha inafika hata mara mbili ya tairi la gari. Sheria inataka angalau miezi 15 kabla haijauzwa, na ile hamira iliyokufa ndo inaleta harufu ya mkate.

Sasa msosi. Migebuka mibichi, wale samaki wa ziwani kwetu, ya Kibirizi, ichanje, chumvi na ndimu, kaanga mpaka ngozi ikauke na ukiivunja ilie. Ukitafuna, mafuta yanatanda mdomoni, piga funda moja, uchachu na mapovu vinayasafisha yote na unataka kipande kingine, yaani kiukweli bia haifanyi hivyo. Dagaa wa kukaanga na vitunguu nao hivyohivyo. Hata ukiwa na mchuzi wa mawese na ugali wa muhogo hii inahimili, maana zabibu nyeusi inaipa uzito, shampeni ya Chardonnay peke yake, ile zabibu nyeupe, naiona nyepesi mno kwa mawese. Ila pilipili punguza, gesi inazidisha moto mdomoni. Ndugu zetu wa Tabora, ule uyoga wenu wa porini mvua zikianza, ukaange na kitunguu na chumvi tu, Pinot Noir ina kaharufu ka udongo kanakoendana nao vizuri sana.

Bei ni kubwa, najua. Cap Classique, wain ya mapovu ya Afrika Kusini, nayo inachachukia ndani ya chupa na bei yake ina nafuu, tafuta yenye Pinot Noir nyingi. Iweke kwenye ndoo ya barafu na maji nusu saa, ukifungua shika kizibo uzungushe chupa, hamna haja ya kukirusha, na migebuka iwe bado ya moto.